Boksi Kwanza, Spika Baadaye

Mtu anayetaka muziki mzito ndani ya gari lake, akiwa Dar es Salaam, huanzia Kariakoo. Dukani anaulizwa mambo mawili: spika ya inchi ngapi na amplifaya ya wati ngapi. Wanapatana bei, analipa, anabebewa mzigo hadi kwenye gari, na mwisho kabisa, mfuko ukiwa umeshatoboka, ndipo anapokumbuka kuuliza habari za boksi. Anaambiwa yapo ya tayari yamevishwa kapeti jeusi, achague lolote. Au anaelekezwa kwa fundi atakayemkatia moja jioni hiyohiyo. Mimi nauona utaratibu huu umekaa miguu juu, kichwa chini. Boksi ndilo linaloamua kama sabufa itaimba au itanguruma tu, na ndilo tunalolitupia makombo ya bajeti.

Sisemi hivi kwa kuchukia besi. Naipenda, na nchi hii imelelewa nayo: gitaa la besi kwenye muziki wa dansi, lile besi kubwa la kusimama kwenye vikundi vya taarab vya Zanzibar, na sasa mdundo wa singeli uliozaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na mitaa jirani. Ukiupiga muziki wa aina hiyo kwenye spika ndogo za milangoni, sehemu kubwa ya kazi ya mtunzi haisikiki. Anayetoa fedha yake halali ili aisikie kazi nzima anafanya jambo la maana. Ninachotaka ni aipate kweli, asiuziwe kelele kwa bei ya muziki.

Tuanze na kazi yenyewe ya boksi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Koni ya spika inapoisukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta hewa ya nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, na sauti hizo zinapingana. Kwa sauti nyembamba hilo si tatizo kubwa, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Besi ni habari nyingine. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzijoto 20, hivyo wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8 na nusu. Wimbi refu namna hiyo huizunguka spika ya inchi 12 bila taabu yoyote, likakutana na lile la nyuma, yakafutana. Ndiyo maana sabufa ya bei mbaya ikiwashwa ikiwa imelazwa mezani haina besi ya maana, hata uipe wati elfu. Mbao za boksi zinasimama katikati ya sauti hizo mbili.

Kazi ya pili ya boksi inajulikana na wachache zaidi: hewa iliyofungiwa ndani yake ni springi. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur aliithibitisha kwa vitendo, pale kampuni yake ya Acoustic Research, iliyokuwa Cambridge, Massachusetts, ilipotoa spika iitwayo AR-1. Kabla yake, aliyetaka besi ya kwenda chini alihitaji kabati la kujaza kona nzima ya sebule. Villchur aliilegeza koni ya spika makusudi, akaifungia ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa hata chembe, na hewa iliyonaswa humo ikawa ndiyo inayoirudisha koni mahali pake. Besi ikashuka chini na kuwa safi, kutoka kwenye boksi la kuwekwa juu ya rafu.

Sasa, kama hewa ni springi, kiasi cha hewa ndicho ugumu wa springi. Hewa ikiwa kidogo mno, koni inabanwa, na besi inafura kwenye noti moja: nyimbo kumi tofauti zote zinagonga vilevile. Ikiwa nyingi mno, koni inakosa wa kuishika, na amplifaya ikipandishwa koili inaweza kutoka kwenye mwendo wake hadi ikagonga bamba la nyuma. Kila spika ina lita zake, na lita hizo hazipatikani kwa kukadiria kwa jicho.

Hesabu ya kuzipata ipo, na ina umri wa kustaafu. Mwaustralia Neville Thiele aliiandika mwaka 1961 katika jarida la wahandisi wa nchini kwake, na nje ya huko ni wachache walioitilia maanani. Ilibidi ipite miaka kumi ndipo jarida la Audio Engineering Society la Marekani lilipoichapa upya, mwaka 1971, na Richard Small, aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Sydney, akaiendeleza kwa mfululizo wa makala zilizofuata. Tangu hapo spika ya maana huja na karatasi yenye vipimo vya mabwana hao wawili. Fs inaeleza mtetemo wa asili wa koni. Qts inaeleza namna koni inavyojizuia yenyewe. Vas inaeleza ulaini wa kinachoishikilia koni, kwa kipimo cha lita za hewa. Mwenye namba hizo tatu na programu ya bure kwenye kompyuta au simu anajua ukubwa wa boksi kabla hajaugusa msumeno. Na karatasi hiyo ndiyo ninayoiona ikitupwa pamoja na katoni mlangoni mwa duka. Inaniuma kila ninapoiona, kwa sababu anayeitupa ametoka kulipa laki kadhaa kwa ajili ya kile ambacho karatasi inamweleza namna ya kukitumia.

Tuseme karatasi inataka boksi lililofungwa la lita 32. Fundi anachukua ubao wa milimita 18 na kuunda boksi la nje sentimita 45 kwa 36 kwa 30. Ukizidisha unapata lita 48.6, na mteja ataona amepewa boksi kubwa kupita mahitaji. Lakini hewa haikai ndani ya mbao. Toa unene wa ubao pande zote na vipimo vya ndani vinakuwa 41.4 kwa 32.4 kwa 26.4, yaani lita 35 na ushee. Toa tena nafasi inayoliwa na sumaku na fremu ya spika, lita 2 hadi 3, na kipande cha ubao kinachowekwa ndani kuzishikilia kuta zisitetemeke. Umebaki na lita 32, ndizo zilizotakiwa. Fundi asiyeifanya hesabu hii atapima lita 32 kwa nje, na spika itaishia kupewa 19 au 20. Kisha mteja atarudi kulalamika kuwa besi inafura, na atauziwa amplifaya kubwa zaidi.

Wateja wengi hawataki boksi lililofungwa. Wanataka la tundu, kwa sababu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, na hapo wana haki. Tundu linaifanya sauti ya nyuma ya koni ifanye kazi badala ya kupotea. Ukipuliza mdomo wa chupa tupu ya soda, chupa inalia noti moja; Mjerumani Hermann von Helmholtz aliichambua tabia hiyo katika karne ya 19, na boksi la tundu linafuata kanuni ileile. Lina noti yake. Noti hiyo inapangwa na vitu vitatu: lita za boksi, upana wa bomba na urefu wake.

Wengi hutumia bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu, na halina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye kulikata. Chukua boksi la lita 50 halisi na bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10. Ukitaka boksi lilie kwenye hezi 35, bomba linatakiwa liwe na urefu wa kama sentimita 31. Likikatwa nusu, kwa sababu lilikuwa linagusa ukuta wa nyuma au kwa sababu kipande kilichokuwepo karakana kilikuwa kifupi, boksi linapanda hadi karibu hezi 45. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa hezi 41. Maana yake mpiga besi wa bendi ya dansi anaposhuka kwenye noti yake ya chini kabisa, anaingia eneo ambalo boksi haliishiki tena koni. Chini ya noti ya tundu hewa inaingia na kutoka ovyo, springi haipo, koni inaruka pasipo kutoa besi. Nadhani spika nyingi zinazodaiwa kuwa feki ziliungua kwa namna hii. Feki zipo, sikatai, ila bomba lililokatwa kwa kukisia nalo linaunguza spika halisi, na hakuna anayelishuku.

Ukiona bomba linapuliza upepo wa kusikika, ni jembamba. Ukilipanua, lazima pia ulirefushe: kwenye boksi hilohilo la lita 50, bomba la kipenyo cha sentimita 15 linahitaji urefu wa kama sentimita 75 ili lilie hezi 35. Ndipo unapoelewa kwa nini mafundi wanaojua kazi hulijenga tundu kwa mbao, likapinda pembeni mwa boksi.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoachana na ya mitaani. Naamini magari mengi madogo tunayoendesha, Toyota IST, Vitz, Passo na ndugu zao, yanafaa zaidi boksi lililofungwa. Sababu ya kwanza ni gari lenyewe. Ukifunga vioo, gari dogo linageuka kuwa sehemu ya boksi. Wimbi likishakuwa refu kiasi kwamba nusu yake inazidi urefu wa ndani wa gari, hewa yote ya humo inabanwa na kuachiwa kwa pamoja, na besi inapanda bila kuongeza hata wati moja. Kwa gari lenye nafasi ya ndani ya mita 2.8, hilo huanzia kwenye hezi 61 hivi kushuka chini. Boksi lililofungwa hupoteza nguvu taratibu kuanzia maeneo hayohayo, gari likairudisha. Ndiyo maana boksi zuri la ukumbini likihamishiwa kwenye buti mara nyingi linaumiza masikio, na boksi zuri la gari likipelekwa sebuleni linaonekana dhaifu.

Sababu ya pili ni muziki wenyewe. Singeli hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. Kwa mwendo wa mapigo 200, kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3 tu. Boksi la tundu huendelea kulia kidogo baada ya pigo kwisha, hasa karibu na noti yake, na kwa mwendo huo mkia wa pigo la kwanza unalikuta la pili mlangoni. Badala ya ngoma unasikia uji. Boksi lililofungwa linanyamaza upesi. Taarab na dansi nazo, ambako besi inatembea noti kwa noti na kujibizana na magitaa au fidla, zinadai usafi huo. Anayesikiliza amapiano na dansiholi muda wote ninamwelewa akitaka tundu. Basi alipange chini, hezi 33 hadi 35, na akubali kupoteza nafasi ya mizigo.

Kuhusu mbao, vitabu vya ughaibuni vinasifu MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Ni nzito, imetulia, inakatika vizuri. Ila vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya pwani. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, pamoja na maji ya mvua yanayopenya kwenye raba ya mlango wa nyuma, huifurisha MDF kwenye kingo, gundi ikaachia, hewa ikaanza kuvuja. Plaiwudi nzuri ya milimita 18 inavumilia zaidi na ni nyepesi. Viwanda vya Mafinga vinaitengeneza kwa miti ya nyanda zetu za juu kusini. Chagua ubao usio na mapengo katikati ya tabaka zake, uugonge kwa kidole sehemu mbalimbali, na ukisikia sauti ya utupu uache. Anayeng'ang'ania MDF apake rangi au vanishi kingo zote, za ndani pia, kabla ya kuunganisha.

Na fundi avae barakoa. Vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na gundi ya MDF kwa kawaida ina formaldehaidi, ambayo nayo imo kwenye orodha hiyohiyo. Vijana wanakata mbao hizi siku nzima kwenye vibanda visivyo na hewa, kitambaa kikiwa shingoni. Mteja anayesimama pale akisubiri boksi lake anaweza kununua barakoa na kumpa fundi. Bei yake si kitu mbele ya bei ya spika.

Boksi likishafungwa, lipimwe kuvuja. Piga sauti ya chini, hezi 20 au 30, kwa kiasi kidogo, kisha pitisha kijiti cha udi taratibu kwenye kila ungio, kuzunguka fremu ya spika na pale nyaya zinapoingia. Moshi ukitikisika, pana njia ya hewa. Ziba kwa gundi au silikoni, uiache ikauke kabisa. Kwa boksi lililofungwa, kitundu cha msumari tu kinatosha kulitia boksi mluzi.

Umeme nitaugusa kwa ufupi, lakini si kwa sababu ni mdogo. Amplifaya inayotoa wati 1,000 za kweli hunyonya karibu ampea 90 kwenye mfumo wa gari, wakati alteneta ya gari dogo mara nyingi haifiki 100, na humo bado kuna taa, feni na injini. Waya mkuu uwe wa shaba, kwa maana mitaani umejaa wa alumini uliopakwa shaba juu, na fyuzi iwekwe kwenye waya huo karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya kule nyuma haiulindi waya unaopita chini ya kapeti. Waya huo ukichunika na kugusa bodi, gari linaungua.

Naongeza hili kuhusu wati. Kuziongeza maradufu kunapandisha sauti desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukiona kuwa kidogo. Kutoka wati 500 hadi 1,000 ni fedha nyingi kwa mabadiliko kidogo, ilhali boksi lililokosewa linaweza kukunyima zaidi ya hizo desibeli 3 kwenye noti unazozihitaji. Hapa ndipo fedha yetu inapomwagika, na hapa ndipo kelele zinapozaliwa pia. Asiyeipata besi kutoka kwenye boksi huitafuta kwenye kitufe cha sauti. Anapandisha, mabati ya gari yanaanza kulia, namba ya gari inatetemeka, na anachosikia mpita njia ni debe.

Masikio hayana kipuri. Kanuni ya usalama kazini inayotumiwa na wataalamu wengi inaruhusu saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 umebaki na dakika 15. Dereva wa daladala mwenye sabufa chini ya siti anakaa humo tangu alfajiri hadi usiku, na kondakta wake pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kuharibu usikivu wao kwa namna wanavyosikiliza muziki. Na boksi likiwa sahihi kwa asilimia mia, halimpi mtu ruhusa ya kumwamsha mzazi aliyetoka kumlaza mtoto. Besi inapita ukuta wa tofali. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, limewahi kuzifungia baa kwa kelele chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, na mwenye gari hana hoja ya kujitetea ambayo mwenye baa hanayo.

Ujuzi wa kulijenga boksi zuri tunao. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayeunda kabati la mlango usiogoma na droo inayoteleza ana mkono wa kutosha kulitengeneza boksi lisilovuja. Kinachokosekana kwake ni hesabu ya lita na urefu wa bomba, na hesabu hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha useremala, na inafundisha umeme wa magari. Naomba vyuo vyake viwakutanishe wanafunzi wa fani hizo mbili kwa somo fupi la boksi la spika. Kazi hii ina wateja kila siku, na kwa sasa inafanywa kwa kukisia na watu wenye vipaji. Wenye maduka ya Kariakoo nao wasiuze spika bila karatasi ya vipimo, na wamkabidhi mteja mkononi, wasiiache ndani ya katoni.

Kwako, ndugu msomaji unayejiandaa kufunga muziki: igawe bajeti yako upya. Punguza inchi, punguza wati, na fedha inayobaki mlipe fundi kwa siku mbili badala ya jioni moja. Mpelekee karatasi ya spika. Mwambie nyimbo unazosikiliza na kiasi cha mizigo unayobeba. Kisha, kabla ubao haujakatwa, mwombe akuandikie lita za ndani na, kama boksi ni la tundu, noti ya tundu na urefu wa bomba. Akishindwa kukuandikia, tafuta fundi mwingine.